Namba Katikati ya Nondo

Rumonge, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Fahima,

Assalaam aleikum. Mama yako anakusalimu. Presha yake imeshuka tangu wambadilishie vidonge, ila chumvi hajaacha. Anaificha kwenye kopo la majani ya chai na anadhani hatujui. Wifi yako Sharifa amepata kibanda sokoni, upande wa wauza ndagala na samaki wengine, na biashara inakwenda. Mvua ni nyingi. Ziwa limepanda tena na nyumba mbili za chini ya soko zimehamwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii inasomwa na watu saba, na mmoja wao ni mama yako. Tadeo muuza vipuri anasafiri Alhamisi kufuata mzigo wake Ulaya. Akifika Brussels ataitia posta.

Habari yenyewe ni mgongo wa kaka yako. Tarehe 9 Februari, akiinuka kutoka kwenye mkeka, Mbaraka alisikia mlio ndani ya kiuno. Anasema ulikuwa mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba nondo ya kushoto, kati ya zile mbili alizofungiwa uti wa mgongo, imekatika. Tarehe 20 Dokta Leonidasi, yule yule aliyempasua Septemba baada ya kuanguka kwenye mchikichi kule Kizuka, aliitoa kwa sababu ncha yake ilikuwa inasukuma ngozi. Nondo ya kulia na skrubu zote sita zimebaki ndani. Miguu inafanya kazi. Wa kushoto unakufa ganzi ikifika jioni.

Daktari alinipa vipande viwili katika kichupa cha plastiki. Nimevipima. Kila kimoja kina sentimita nne na nusu, kwa hiyo nondo imekatika katikati kabisa. Juu yake pamechorwa herufi PR, kisha 0417, kisha namba moja zaidi ambayo siwezi kuisoma, kwa sababu mvunjiko umepita juu yake. Nusu yake iko kwenye kipande kimoja, nusu kwenye kingine. Nikiviunganisha naona 3 au 8.

Wewe ndiye mhandisi wa vitu hivi na wewe ndiye uliyevituma. Nauliza mambo mawili tu: kwa nini imekatika, na je, ya kulia nayo itakatika?

Mbaraka yuko hapa pembeni, na nondo anaiita ferabeto, kama mafundi wa nyumba. Anasema: "Mwambie mhandisi wetu, ile ferabeto yake imelala upande mmoja. Nyumba bado iko, lakini wapangaji wameanza kuogopa."

Mjomba wako,
Ismaili

*

Lyon, 27 Machi 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Ramadhani kareem kwenu nyote. Huku nafuturu peke yangu jikoni, jua linachelewa kuzama kila siku kwa dakika moja na nusu. Tafadhali mwambie mama kwamba lile kopo nalijua tangu nikiwa darasa la nne.

Nimesoma habari ya Mbaraka na nimeshtuka. Acha nikueleze jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, maana watu wengi hufikiri chuma ndicho kinachoponya. Sivyo. Pingili ya mgongo ikipasuka, daktari hutia skrubu kwenye pingili za juu na za chini yake, halafu huzifunga kwa nondo mbili, moja kila upande. Pembeni anaweka vipande vya mfupa alivyokwangua kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Kazi ya nondo ni kuzuia pingili zisicheze mpaka vile vipande viote na zote ziwe mfupa mmoja. Mfupa na chuma viko kwenye mashindano. Mfupa ukiwahi, chuma hakina kazi tena. Mfupa ukichelewa, chuma huchoka, na chuma kilichochoka hukatika. Hapa kazini tunazifunga nondo kwenye mashine inayozikunja na kuzikunjua mara tano kwa sekunde, siku kumi na mbili mfululizo, mpaka zifike mara milioni tano.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kujua Mbaraka aliishi vipi baada ya upasuaji. Alivaa korse, ule mkanda wa kukaza kiuno, kwa wiki ngapi? Alianza kubeba vitu lini? Alilala wapi, kitandani au chini? Anavuta sigara bado? Sigara huchelewesha mfupa. Anaswali akiwa amekaa kitini, au anarukuu na kusujudu?

Naomba unijibu kwa urefu. Msiwe na wasiwasi. Dokta Leonidasi ni mtu makini.

Fahima

*

Rumonge, 22 Aprili 2024

Fahima,

Amahoro. Idi ilipita vizuri. Mama yako alipika pilau ya watu kumi na tano wakaja thelathini, na wote walikula. Nyumba ya tatu kule chini ya soko nayo imehamwa. Mtoto wa jirani yetu Speciosa amefaulu mtihani. Speciosa ametangaza habari hiyo mpaka Kabezi.

Barua yako ina kurasa tatu. Nimeisoma mara mbili nikiwa na kalamu. Nimejifunza mengi, na nakushukuru. Lakini mimi nilikuuliza mambo mawili, na kabla yake nilieleza jambo moja kwa mistari mitano: namba iliyochorwa kwenye nondo. Hukuigusa. Nilifanya kazi ya redio miaka ishirini na saba, nikihoji wakuu wa tarafa na wenye mabasi, na najua mtu anavyolipita swali. Labda huna jibu. Basi andika kwamba huna.

Majibu yangu ni haya. Korse aliivaa wiki kumi. Daktari alikuwa ametaja kumi na mbili. Sigara aliacha hospitali, akaanza tena Desemba, moja au mbili kwa siku, nyuma ya choo. Analala kitandani. Kazi alirudia nyepesi nyepesi, mwishoni mwa Novemba.

Kuhusu kuswali: imamu alimpa ruhusa ya kiti. Alikikataa. Nilikuwepo.

"Mbaraka, Mungu anakuona hata ukikaa," nilimwambia.

"Mungu ananiona, mjomba. Na mstari mzima unaniona. Kile kiti ni cha mzee Jamali, yuko na miaka themanini na mbili. Mimi niko na thelathini na nne. Nikikaa hapo leo, kesho mutanichagulia na sanda."

Watu walicheka. Akarukuu. Tarawehe aliziswali zote.

Dokta Leonidasi anataka kuamua tarehe 4 Julai. Anasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumpasua tena, kutoa ya kulia na kuweka nondo mpya pande zote, na upasuaji wa pili kwenye kovu la kwanza ni hatari kwa mishipa ya miguu. Ya pili ni kuiacha ya kulia na kungoja mfupa. Akiiacha kisha ikakatika vibaya, miguu inaweza kwenda. Anasema angependa kungoja, kwa kuwa chuma alichopewa ni kizuri, kina karatasi ya kampuni iliyosema ni zawadi.

Namba ni PR 0417. Nangoja.

Ismaili

*

Lyon, 30 Mei 2024

Mjomba,

Assalaam aleikum. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Natumai mama ni mzima, na Sharifa pia.

Naomba umpe Tadeo vile vipande viwili aniletee. Visioshwe, visisuguliwe, na nyuso zilizovunjika zisigusane. Vifunge kila kimoja kwenye pamba.

Jambo lingine. Mwezi huu Sharifa alinitumia sauti kwenye simu, ananiuliza bei ya vitenge. Nyuma ya sauti yake kuna kitu kinalia: mlio mrefu wa chuma kikavu, kimya kidogo, kisha mlio tena, na wanaume wawili wanapokezana "haya, haya". Nimeisikiliza mara nyingi. Ile ni mashine ya kukamua mawese, ile ya kusukuma boriti kwa kuzunguka. Na mmoja wa wale wanaume ni Mbaraka.

Umeandika "kazi nyepesi". Mashine hiyo ni ya nani?

Fahima

*

Rumonge, 11 Juni 2024

Fahima,

Mama yako ni mzima. Sharifa ni mzima. Nitaanza na jibu.

Mashine ni yangu.

Niliinunua miaka miwili iliyopita kwa mafao yangu ya redio na nikaiweka nyuma ya nyumba. Mama yako alikwambia nimefungua mradi. Hakukwambia mradi gani, na mimi sikuongeza neno. Iko na parafujo kubwa ya chuma katikati na boriti ya mita tatu. Watu wawili huisukuma kwa kuzunguka, kifua na mikono kwenye boriti, kiuno kikijipinda kila hatua. Pipa moja la chikichi zilizochemshwa linahitaji mizunguko arobaini. Siku nzuri tunakamua mapipa kumi.

Novemba mmoja wa wasukumaji alihamia Uvira. Chikichi zilikuwa zimejaa uani na zinaanza kuchacha. Mbaraka alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa korse, anaangalia. Wiki ya kumi. Hakuomba. Mimi ndiye niliyesema: "Njoo ushike upande mwepesi." Boriti haina upande mwepesi. Nililijua hilo nilipolisema. Alifungua korse kwa sababu ilimzuia kuinama, akaitundika kwenye msumari, na kutoka siku hiyo alisukuma siku nne kwa wiki mpaka Februari. Mwezi Mei alirudi tena siku chache, nikamwona, nikanyamaza.

Niliandika "nyepesi nyepesi". Katika miaka ishirini na saba sikuwahi kupeleka hewani neno ambalo najua si kweli. Kwako nililiandika mara moja, nikalirudia.

Sasa yamekwisha. Nimeifunga mashine kwa mnyororo na ufunguo ni wangu. Ijumaa nilikwenda Bujumbura kwa basi la asubuhi nikamweleza Dokta Leonidasi kila kitu. Alisema hiyo inaeleza mambo yote: nondo imevunjwa na mashine, haikuwa na kasoro yake yenyewe. Kwa hiyo ya kulia ataiacha. Mbaraka akikaa bila kusukuma, ataweza kungoja mfupa bila kupasuliwa tena. Tarehe 4 itakuwa ya kumwambia hivyo tu.

Mbaraka amefurahi kwamba hatapasuliwa. Mimi nimeridhika kwamba kosa limejulikana ni la nani. Usijisumbue tena na ile namba.

Tadeo anakuja na vipande, kila kimoja kwenye pamba yake.

Ismaili

*

Lyon, 28 Juni 2024

Mjomba,

Ukiona barua hii, Dokta Leonidasi atakuwa ameshakupigia simu. Nilimwandikia kwa barua pepe tarehe 24 na nikazungumza naye tarehe 25. Nondo ya kulia isiachwe. Ataitoa.

Sasa nakujibu swali lako la tarehe 3 Machi.

PR ni alama ya nondo za majaribio. 0417 ni fungu lao. Namba ya mwisho ni 8. Ya kulia ni 9. Nondo ndefu huja zikiwa na namba mwishoni, lakini daktari huikata nondo kwa urefu wa mgonjwa, na mara nyingi namba huenda na kipande kinachotupwa. Miaka inapita, nondo inatolewa, hakuna anayejua ilitoka wapi. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Nikapendekeza namba ichorwe katikati, kwa leza, mahali ambapo hakuna daktari atakayekata. Walinipongeza. Mchoro una jina langu.

Katikati ndipo nondo inapokunjwa zaidi. Leza huchoma ngozi ya chuma, na pale palipochomwa ufa hupata pa kuanzia. Tulizifunga sita kwenye mashine. Mbili zilikatika kabla ya mara laki nane, zote mbili kwenye namba. Fungu lote lilikataliwa na kuandikwa likaharibiwe. Lilikuwa kwenye sanduku la kijivu chini ya meza yangu.

Mbaraka alipoanguka, ulinipigia simu ukasema hospitali haina nondo za kipimo chake na kwamba kila siku inayopita miguu inazidi kulegea. Nilichukua nondo mbili, pamoja na skrubu sita za fungu lingine, ambazo ni nzima. Karatasi ya zawadi niliiandika mwenyewe. Nilijiambia kwamba nne kati ya sita zilifika mwisho, na kwamba mfupa wake ungewahi. Ulipoandika kwamba mvunjiko umepita juu ya namba, nilijua pale pale, nikiwa nimesimama kwenye ngazi na bahasha mkononi. Nikakuandikia kuhusu sigara na kiti cha kuswalia.

Vipande vilifika tarehe 20. Vilikuja pamoja na barua yako. Nilisoma kwamba ni mashine yako, kwamba daktari ameridhika, kwamba nisijisumbue. Kwa siku mbili sikujisumbua. Naandika hili kwa sababu nataka ulijue: kwa siku mbili nilikuwa tayari wewe ubebe lawama.

Jumapili niliingia maabara nikaviweka chini ya hadubini. Chuma kinapochoka huacha mistari kwenye uso wa mvunjiko, mmoja baada ya mwingine, kama ile ambayo maji ya ziwa huiacha kwenye mchanga yanaporudi nyuma. Ukiifuata mistari kinyume unafika ilipoanzia. Ilianzia kwenye mguu wa namba 8. Ile ya kwanza kabisa ni myembamba na imebanana sana, kama ya mtu anayetembea tu nyumbani na kuinama kidogo. Baadaye inapanuka ghafla. Hapo ndipo boriti ilipoanza, nadhani.

Kwa hiyo sitakudanganya kukufariji. Mashine yako iliharakisha. Lakini ufa ulikuwa umeshaanza kabla Mbaraka hajaishika, na ungefika mwisho hata kama angekaa kwenye kiti cha mzee Jamali kila swala.

Jumatatu, baada ya kumwandikia daktari, nilipanda kwa mkuu wangu nikamweleza. Kitambulisho changu cha mlangoni wamekichukua. Kuna kikao Septemba. Kampuni imekubali kutuma nondo nzima kwa njia ya halali, zikiwa na karatasi zake za kweli. Zitafika Bujumbura tarehe 10 Julai.

Mama usimwambie mpaka Mbaraka atoke chumba cha upasuaji. Mbaraka mwambie leo.

Fahima

*

Rumonge, 4 Agosti 2024

Mpwa wangu Fahima,

Assalaam aleikum. Mama yako ameambiwa. Alikwenda jikoni, akatoa lile kopo la majani ya chai lenye chumvi, akaliweka mezani mbele yangu, akarudi kulala. Mpaka leo sijajua maana yake, ila chakula hakina chumvi tangu siku hiyo.

Upasuaji ulikuwa tarehe 16 Julai na ulichukua saa tano na dakika ishirini. Nondo ya kulia ilitoka nzima. Dokta Leonidasi aliifuta, akaishika kwenye taa na kunionyesha: kwenye namba 9 kuna ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya nondo. Nilimuuliza ingechukua muda gani. Alisema hakisii. Mfupa umeota upande wa chini tu. Upande wa juu haujaota kabisa. Ameweka vipande vipya kutoka nyonga ya pili na nondo mpya mbili. Kuna mshipa ulioguswa. Vidole vya mguu wa kulia vinacheza vyote. Vya kushoto vinacheza viwili, kidole gumba na kinachofuata. Daktari anasema vilivyobaki vinaweza kurudi na vinaweza visirudi, na kwamba tutajua kufikia mwisho wa mwaka. Nakuandikia hivi kama alivyosema.

Barua yako nilimsomea Mbaraka neno kwa neno, siku ilipofika. Alinisimamisha mara moja tu, kwenye zile siku mbili.

"Soma tena hapo."

Nilisoma tena.

Asubuhi ya upasuaji, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika daktari mkono. "Docteur, hizi mpya numero iko wapi?" Daktari akamwonyesha: mwishoni kabisa, nje ya skrubu ya mwisho, pasipokunjwa. Akaitikia kwa kichwa na kushukuru. "Murakoze. Sasa munilaze."

Mashine nimeiuza kwa mtu wa Kizuka. Boriti sikumuuzia, nimeikata vipande vitatu na Sharifa amevipata vya kuezekea kibanda chake.

Jana nilimuuliza Mbaraka kama ana neno la kukuandikia. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa mwisho wa barua hii, kwamba kaka yako amekusamehe, maana nilidhani ndivyo atakavyosema. Alikuwa amelala chali, korse imefungwa, anaangalia kalenda ambayo ameitundika ukutani. Ameweka alama kwenye tarehe 8 Oktoba, wiki ya kumi na mbili.

"Wewe mjomba uliniambia nishike upande mwepesi," alisema. "Yeye aliniandikia karatasi ya zawadi. Halafu wote wawili mumekuwa mukiandikiana miezi mitano juu ya mgongo wangu, na mimi niko hapa hapa, mita mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa sigara."

Nilikubali kwamba ni kweli.

"Kwa hiyo futa huo mustari. Sijasamehe mutu. Mwambie asiandike tena. Aje. Basi la Nyanza-Lac linasimama pale kwa wauza ndagala. Aje tarehe 8, si kabla. Kabla ya hapo atanikuta nimelala, na mimi maneno niliyo nayo si ya kusema nikiwa nimelala."

Nimeufuta. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona ulipokuwa.

Ismaili